Mama Fundi Anajibu: Gesi ya Friji Haiishi, Inatoka

Joto la Februari limeniletea barua nyingi kuliko mwezi wowote. Nimezisoma usiku, baada ya kushinda juu ya mapaa ya watu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana wasomaji wengine wanne wameuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Mama Fundi, habari za kazi. Nina friza lile la kufunguka juu, nililinunua jipya miaka mitatu iliyopita, nauzia samaki na barafu Mbagala Rangi Tatu. Tangu mwezi wa tano fundi amenijazia gesi mara tatu. Kila akija anasema gesi imeisha. Linagandisha wiki tatu, likijitahidi mwezi, halafu samaki wanaanza kulainika. Juzi nimetupa kilo kumi na moja za vibua. Je, friza langu linakula gesi? Nitafute fundi mwingine au ninunue jingine?
Muuza samaki, Mbagala

JIBU: Dada yangu, pole sana. Kilo kumi na moja za vibua ni mtaji wa mtu.

Friza halili gesi. Gari linakula mafuta kwa sababu mafuta yanaungua. Gesi ya friji, ikiwa ndani ya bomba, haiungui wala haichakai, inazunguka tu. Kompresa inaisukuma ikiwa ya moto, inafika kwenye kondensa na kumwaga joto nje, inageuka kimiminika, inapenya kwenye kapilari, kile kibomba chembamba cha shaba, kisha inachemka ndani ya kuta za friza na kulibeba joto la samaki wako. Inarudi kwenye kompresa, inaanza upya. Nimewahi kufungua friji lililotengenezwa kabla sijaolewa, na gesi yake ilikuwa ileile ya kiwandani.

Kwa hiyo fundi akikuambia gesi imeisha, muulize imetokea wapi. Akikosa jibu, bado hajaanza kazi.

Sasa tazama nyuma ya friza, karibu na kompresa. Kuna kibandiko. Kwa umri wa friza lako nadhani utakuta R600a, ndilo jina la aina ya gesi, na pembeni yake uzito wa gesi kwa gramu, pengine 60 au 70. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea, na si kwa ubaya wa moyo. Walijifunza enzi za gesi za R12 na R134a, hawakurudi darasani. R600a huchemka kwenye nyuzi 11.7 chini ya sifuri. Friza likiwa kwenye nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri, upande wa kompresa unaofyonza unakuwa na mgandamizo mdogo kuliko wa hewa tunayovuta. Mshale wa geji, kile kipimo cha mgandamizo, unashuka chini ya sifuri, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Fundi aliyezoea R134a akiuona hapo anasema "humu hamna kitu," anaongeza. Friza linazidiwa, kompresa inachemka, umeme unakwenda. R600a inajazwa kwa mizani, gramu kwa gramu. Asiye na mizani asiliguse friza lako.

Na tundu likiwa upande huo wa kufyonza, halitoi gesi tu, linavuta hewa na unyevu kutoka nje. Unyevu ukifika mwisho wa kapilari unaganda na kuziba njia. Ukilizima friza usiku, kile kibarafu kinayeyuka, asubuhi linafanya kazi vizuri, mchana linagoma tena. Kama lako lina tabia hiyo, kuna maji ndani ya bomba, na hakuna gesi ya kuongeza itakayoyatoa.

Tundu lenyewe mimi hulikuta sana kwenye maungio ya draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, yaliyochomelewa kwa haraka, au kwenye bomba la chuma linalozunguka mdomo wa friza, chini ya mpira wa mlango. Bomba hilo linapitisha gesi ya moto ili mdomo usitoke jasho. Kwa muuza samaki, maji ya chumvi yanadondoka hapo kila siku, na bomba linaoza kimyakimya ndani ya bodi. Jambo la tatu naomba usinikasirikie nikilitaja: kisu. Kama unabandua samaki walioshikana na ukuta kwa ncha ya kisu, acha leo. Zima friza, mwaga maji ya uvuguvugu, subiri.

Fundi anayejua atafanya kazi ifuatavyo, na wewe kaa umtazame, friza ni lako. Atafungua milango, atahakikisha hakuna jiko wala sigara karibu, kwa maana R600a inawaka kama gesi ya kupikia. Ataitoa gesi yote nje ya nyumba. Atakata bomba kwa kikatio, hatalifungua kwa moto. Atajaza naitrojeni kavu, atapaka povu la sabuni kwenye kila ungio, ataiacha geji ikae masaa kadhaa aone kama mshale unashuka. Akishaziba atafunga draya mpya. Mfumo ukifunguliwa, draya inabadilishwa, hapo hakuna mjadala. Kisha atavuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya bomba, kwa pampu ya vakyumu, si kwa kompresa kuukuu ya friji, hadi geji ya vakyumu isome maikroni 500 au chini yake. Ndipo atapima gramu. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Aliyekujazia kwa dakika ishirini alikuuzia zile wiki tatu.

Kama tundu limefunikwa na povu la bodi upande wa moto, usikimbilie dukani. Bomba lile linaweza kutengwa na kondensa yenye feni ikafungwa nje. Kama limo kwenye kuta za baridi, hapo nitakuambia ukweli: anza kuweka akiba ya jingine.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nina miaka 19, nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, sasa najifunza friji na AC kwenye karakana moja huku Tandika. Bosi hana naitrojeni. Anapima matundu kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, anasema hewa ni hewa. Mimi naogopa. Pia nauliza, naweza kupata cheti bila hela ya kukaa chuoni?
Mwanagenzi, Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeogopa kitu kinachostahili kuogopwa. Kesho asubuhi, akifunga oksijeni kwenye mfumo, ondoka. Toka nje kabisa, usisimame hata mlangoni.

Ndani ya kompresa kuna oili. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na oili haingoji kiberiti. Mwaka 1998 nilikuwa kwenye karakana ya mtu, miaka miwili tangu nitoke chuo cha ufundi Chang'ombe. Naitrojeni ilikuwa imekwisha na mteja alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri friji lake. Mwenzangu, kijana hodari kuliko mimi kwa kuchomelea, akafungua oksijeni. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji ya kunywa. Ganda la kompresa lilipasuka kama ganda la nazi. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto na jicho moja. Mteja alinusurika kwa sababu alikuwa ameinama kuokota kandambili yake. Miaka imepita, na hadi leo kabla sijafungua mtungi wowote nasoma maandishi yake kwa sauti, mbele ya vijana wangu, hata kama niliutumia mtungi huohuo dakika tano zilizopita.

Najua ni vigumu kumwambia bosi. Ni mkubwa wako, ndiye anayekupa chakula cha mchana. Basi usimkosoe mbele ya wateja. Mngoje jioni, mwambie, "Mzee, nimesoma jambo kuhusu oksijeni likanitisha, naomba ulisome na wewe," umpe ukurasa huu. Mzee mwenzangu, kama unasoma: nakuheshimu kwa kumpokea mtoto wa watu na kumfundisha kazi. Mtungi wa naitrojeni na regyuleta yake vitajilipa kwa matundu utakayoyapata bila kurudia kazi. Usifungue bila regyuleta, mtungi uliojaa una mgandamizo wa zaidi ya psi 2,000. Wala usitumie pampu ya matairi, maana hewa yake ina unyevu, na unyevu ndio ule unaoziba kapilari ya mama wa Mbagala.

Kuhusu cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza kazini anapimwa kwa vitendo, pale penye pengo anafundishwa, akifaulu anapewa cheti. Nenda kituo cha Chang'ombe ukaulize lini wanapokea fani yetu. Wakati unasubiri, jifunze umeme. Nunua mita kabla ya kununua geji. Simu nyingi ninazopigiwa za "gesi imeisha" nikifika nakuta kepasita imevimba, rilei inayowasha kompresa imeungua, au themostati imekufa. Kijana anayejua kupima waya mmoja baada ya mwingine bila kubahatisha hatakosa kazi mjini hapa.

SWALI: AC yangu ya chumbani inadondosha maji ukutani. Fundi anasema ibadilishwe. Kweli?
Mpangaji, Tabata

JIBU: Hapana. Bomba la maji limeziba kwa utelezi na vumbi, au lilifungwa bila mteremko. Lizibuliwe, chujio lisafishwe. Chujio likijaa vumbi, ndani panaganda barafu, na ikiyeyuka inamwagika nje ya bakuli lake. Ukikuta barafu hata baada ya kusafisha, hapo ndipo tutafute tundu la gesi. Na kwa AC ya kawaida isiyo na inveta, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo wa kompresa, kuweka 16 hakuipi haraka yoyote, inapoza kwa nguvu ileile. Weka 24 au 25, ulale.

SWALI: Mama Fundi, nina nyumba ya wageni Tanga, vyumba kumi na viwili, AC zote ni za R22. Mbili zimepungukiwa gesi. Fundi mmoja anataka kuzijaza R32, anasema ni ya kisasa na inabana umeme. Mwingine anataka kuweka gesi ya kupikia, anasema inapoza kuliko zote. Nimchague yupi?
Mwenye nyumba ya wageni, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, usimchague yeyote kati yao.

Gesi na mashine ni kama ufunguo na kitasa. Mashine ya R22 kwa joto letu inafanya kazi upande wa kufyonza ikiwa na psi 60 hadi 70. Za R410A na R32 zinakwenda zaidi ya psi 110, na upande wa kusukuma tofauti inakuwa kubwa zaidi. Bomba, kompresa na oili ya R22 havikuandaliwa kwa hayo. R32 inabana umeme ndani ya mashine iliyoundwa kwa ajili yake. Huyo wa pili nakuomba umkataze kwa sauti kubwa. Inapoza kweli, haongopi. Ila wageni wako wanalala wamefunga madirisha, wengine wanachoma udi au dawa ya mbu, na waya za AC za zamani hazikukingwa dhidi ya gesi inayowaka. Ikivuja usiku chumbani, itatafuta cheche hadi iipate. Mashine za gesi ya aina hiyo zipo, lakini zimeundwa hivyo tangu kiwandani, kwa kipimo kidogo.

Huenda umesikia kwamba R22 inaondoka, na ni kweli. Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuziondoa gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na nchi zetu zinatakiwa kuachana na kundi la R22 ifikapo 2030, ukiacha kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Kisha mwaka 2016 pale Kigali wakaongeza gesi zilizofuata, kwa sababu ya joto la dunia. Kilo moja ya R410A ikitoka hewani inapasha dunia kama kilo 2,088 za kabonidayoksaidi. Kilo ya R32 ni kama 675. Ndiyo maana dukani sasa unaoneshwa R32.

Ningekuwa mimi, ningeziba matundu ya hizo mbili na kuzirudishia R22 kwa mizani. Mashine moja ikifa kabisa, usimruhusu mtu akate bomba na kuiachia gesi ipae, hata kama amezoea. Aivutie kwenye mtungi wa kukusanyia. Kama kompresa haikuungua, gesi hiyo itahudumia zile zilizobaki, na ukutani panafungwa ya R32 yenye inveta. Utabadilisha zote kumi na mbili taratibu bila kukopa. Na kwa kuwa uko Tanga, upepo wa bahari unakula mapezi ya kondensa hadi yanabaki unga mkononi. Kila mwezi osha mashine za nje kwa maji baridi, zikiwa zimezimwa kwenye swichi kuu.

SWALI: Mimi ni fundi wa AC, miaka sita kazini. Wakala ananiambia kuna kazi Muscat, anataka nilipe kwanza. Mkataba umeandikwa "msaidizi". Anasema nikifika watabadilisha. Unanishauri nini?
Fundi, Ilala

JIBU: Kabla ya kulipa shilingi, nenda TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, uulize kama huyo ana leseni ya kupeleka watu nje. Akiwa hana, maneno yameisha.

Akiwa nayo, neno "msaidizi" likataliwe hapahapa Dar. Kazi iliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo utakayolipwa. Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi huko miaka minne. Miaka miwili ya kwanza aliishi kwa mshahara wa kubeba ngazi huku akifanya kazi ya fundi kamili, kwa sababu ya neno hilohilo. Alirudi na ujuzi mkubwa, sikufichi: chila, zile mashine kubwa za kupoza maghorofa, na mifumo ambayo mashine moja ya nje inalisha vyumba ishirini. Nenda ukiwa umejifunza kusoma michoro ya umeme, ndiyo itakayokutenganisha na wengine. Lugha haitakusumbua sana, Muscat kuna familia nyingi zinazozungumza Kiswahili cha Unguja nyumbani. Joto ndilo litakalokusumbua. Juni, Julai na Agosti sheria yao inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Ikariri hiyo. Msimamizi akikupandisha kwenye paa saa saba, mkumbushe kwa adabu na usipande.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Namaliza VETA mwaka huu, msichana peke yangu darasani kati ya ishirini na wawili. Kwenye mafunzo ya vitendo mteja alinifungulia mlango, akachungulia nyuma yangu, akauliza "fundi yuko wapi?" Nyumbani mama anasema niache, nifungue saluni. Nakata tamaa.
Binti, Temeke

JIBU: Marahaba binti yangu. Mlango huo naujua. Wangu ulikuwa Upanga, ghorofa ya nne, mwaka 1997. Mzee aliyenifungulia alisimama mlangoni hadi nilipomwonesha karatasi ya kazi yenye anuani yake. Sikubishana naye. Niliomba kiti cha kusimamia, nikapima umeme unaoingia, nikakuta kontakta, ile swichi ya mashine ya nje, imeungua midomo. Nilimwita akaiona kwa macho yake kabla sijaigusa na baada ya kuibadilisha. Mzee yule aliendelea kuniita kazini miaka kumi na tisa, hadi alipofariki, akiniita binti yake. Kuonesha kitu kibovu mkononi kunafungua milango kuliko maneno yote utakayoyapanga usiku.

Na kuna jambo ambalo wenzako ishirini na mmoja hawana. AC ziko vyumbani. Akina mama wengi wanaoishi na mabinti au na wazee wagonjwa wanataka mwanamke aingie chumba cha kulala. Nusu ya wateja wangu wa sasa walinipata kwa njia hiyo, wakipeana namba misibani na kwenye vikao vya harusi.

Ila usikubali kupanda nje ya ghorofa bila mkanda wa usalama ili kuonesha kwamba huogopi. Wavulana watakucheka, waache wacheke. Mwangalie anayeshika ngazi yako. Mimi nimebadilisha wasaidizi kwa sababu ya kushika ngazi huku wanatazama simu. Nywele zifungwe, pete na bangili zibaki nyumbani, umeme hauchagui.

Mama yako usigombane naye. Anaogopa paa na anaogopa maneno ya watu, na vyote viwili vipo. Wangu alikaa miezi saba bila kuniuliza hata siku moja kazini kulikuwaje. Kisha friji lake likagoma, Jumapili jioni, nyama ya Maulidi ikiwa ndani. Alinipigia mwenyewe. Nilifika na begi, akakaa kwenye kigoda akanishikia tochi hadi saa nne usiku, akiuliza kila waya unakwenda wapi. Ilikuwa rilei.